Mpiga dramu niko Nakuru, natafuta wenzangu wa bendi ya roki. Wa kufika mazoezini kweli

fimbo_mbili (Jumapili, saa tatu usiku)

Mulembe wadau, na wenzangu wa Nakuru habari za jioni.

Niingie kwenye haja yangu. Nina miaka 31, napiga dramu, nakaa Free Area, na mchana nauza vipuri vya pikipiki mjini. Natafuta watu wanne: wa gitaa la solo, wa ridhimu, wa besi, na mwimbaji, awe mwanamume au mwanamke. Ni bendi ya roki, nyimbo zetu wenyewe, kwa Kiswahili. Mazoezi ni Jumatano jioni na Jumamosi kuanzia saa nane, mvua inyeshe isinyeshe.

Mtu hamfuati mtu asiyemjua, kwa hivyo nijieleze.

Ngoma niliianzia Shinyalu, huko Kakamega, kwa mjomba wangu, kaka yake mama. Alikuwa mpiga isukuti wa kuitwa matangani, harusini, na asubuhi zile fahali wanapopiganishwa. Isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga. Nikiwa na miaka tisa alinipa ile ndogo, akaniambia nisibadilishe chochote mpaka aniambie. Nikapiga mdundo uleule hadi mikono ikaingia ganzi. Zile mbili kubwa zilikuwa zinazungumza juu yangu, akina mama wanapiga vigelegele, na mimi nikaona nimesahaulika. Nikachomeka mapigo mawili yangu. Mjomba akasimamisha ngoma yote, katikati ya matanga ya watu, akaniangalia. Hakusema neno. Kisha akaanza upya. Mpaka leo nikitamani kuchomeka kitu ili nisikike, namwona vile alivyoniangalia.

Mwaka 2014 nilisoma kwamba UNESCO imeiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wakati huo mjomba alikuwa amebakiwa na mwanafunzi mmoja tu, na huyo naye alikuwa anafunga mzigo wa kwenda Nairobi kutafuta kibarua.

Dramu yenyewe nilikalia kanisani nikiwa kidato cha pili. Roki nilisikilizishwa na rafiki bwenini, kwa simu ambayo hatukuruhusiwa kuwa nayo: bendi ya Nairobi, Parking Lot Grass. Kabla ya usiku ule nilijua roki ni mali ya Wazungu na redio zao. Baadaye nikachimba, nikakuta kwamba miaka ya 1970 huko Zambia kulikuwa na bendi kama WITCH na Amanaz, Waafrika wenzetu, magitaa yananguruma na hakuna anayeomba ruhusa ya mtu. Nilikaa na muziki ule mwezi mzima. Dramu iko mbele, inasukuma kila kitu, na bado ina mwendo wa kuchezeka.

Nimeshakaa katika bendi mbili hapa Nakuru, na zote zimekufa. Ya kwanza ndiyo iliyoniuma. Tulikuwa watano, wenzangu wote walikuwa wapigaji wazuri kunishinda. Daftari la mazoezi ninalo mpaka leo: kwa miezi mitano tulipanga mazoezi 38, na sote watano tukatimia mara 11. Saa kumi nimeshafunga matoazi yangu, nimekaa. Saa kumi na moja anaingia wa kwanza. Saa kumi na mbili kasoro robo wa gitaa anapiga simu kwamba yuko Pipeline, anakuja. Mwenye chumba anataka ufunguo wake saa moja. Kuna siku nilipiga wimbo mzima peke yangu, mwanzo hadi mwisho, nikiwahesabia wenzangu nafasi zao kichwani, kwa sababu pesa ya chumba nilikuwa nimeshalipa na sikutaka irudi nyumbani bure.

Ya pili sitaisimulia. Ilivunjwa na bahasha ya harusi moja.

Vifaa nilivyonavyo: dramu ya vipande vitano, ya mkono wa pili, shilingi 38,000 nilizoweka kwenye chama cha akiba miaka miwili. Ngoma ya mguu inchi 22, snea (ile ndogo yenye mlio mkali) inchi 14, tomu tatu. Toazi la krashi lina ufa. Nimetoboa kitundu kidogo mwisho wa ufa ili usitambae. Kifungo cha haihati, yale matoazi mawili ya mguu, kiliisha, nikakichongea kingine kwa mpira wa tairi la baiskeli na kinashika. Kila siku saa kumi na moja alfajiri niko na metronomu ya simu (kipima mdundo) juu ya pedi ya mpira, dakika 40, kabla ya kwenda dukani. Chumba cha mazoezi kipo, ghala la mahindi la mzee mmoja kando ya barabara ya Njoro, ambalo huwa tupu hadi mavuno ya mwisho wa mwaka. Anataka shilingi 1,500 kwa wiki. Mpaka bendi ipate mwendo, nalipa mimi.

Mtu anayejua nyimbo nne tu lakini anafika saa nane kasoro robo na gitaa lake amelichuni, nyuzi zote ziko sawa, huyo ni wangu. Anayetaka kupiga kopi za hotelini, nyimbo za watu wengine, namtakia heri, ni kazi halali na imewasomesha watoto wengi, ila mimi nimetoka huko.

Mwenye swali aulize. Nitajibu yote.

nyuzi_sita_Njoro (Jumapili, saa nne usiku)

Kaka, nimesoma mara mbili. Mimi ni wa gitaa, nilimaliza Chuo Kikuu cha Egerton mwaka jana na bado nakaa Njoro, nafundisha kompyuta. Ridhimu naiweza vizuri, solo nabahatisha.

Roki unayoisema ni ipi? Ile ya kunguruma hadi maneno hayasikiki, au ile yenye melodi? Halafu amplifaya yangu ni ya wati 15, ya chumbani. Niliwahi kupiga na mpiga dramu wa kanisa letu nikapotea kabisa, naona vidole vinatembea lakini sijisikii. Na tena nauli. Njoro hadi mjini ni shilingi mia kwenda na mia kurudi, jioni hupanda. Mara mbili kwa wiki ni kama shilingi 1,600 kwa mwezi. Sisemi siwezi. Nataka tu kujua kama hii bendi itafika mwaka mmoja, kwa sababu nilishawahi kulipa nauli miezi minne kwa ndoto ya mtu aliyekuja kuhamia Mombasa bila kutuaga.

fimbo_mbili (Jumapili, saa nne unusu usiku)

Ndugu, asante kwa kuuliza vitu vyenyewe.

Nauli kwanza: ghala liko barabara hiyohiyo ya Njoro, hufiki mjini. Utatumia kama nusu.

Roki: mwendo wa kati, mapigo 90 hadi 130 kwa dakika. Gitaa lingurume, ndiyo, lakini bibi yangu aliye Shinyalu akisikiliza aelewe mwimbaji anasema nini. Kuhusu amplifaya, mimi ndiye nitakayeshuka. Mpiga dramu anayelifunika gitaa la wati 15 ndani ya chumba kidogo hajui kutumia mkono wake. Nina fimbo nyepesi na nina brashi.

Mwaka mmoja wangu nakupa. Wa wengine siwezi kuuahidi, maana si wangu. Nilichokiandika kwenye daftari safari hii ni hivi: anayetaka kuondoka anaweza, ila aseme wiki nne mapema na amwonyeshe anayekuja baada yake sehemu zake zote. Ukikubali hilo, mimi na wewe tumeshaanza.

wa_town_kabisa (Jumapili, saa tano usiku)

Nakuru watu wanataka mugithi na rege. Roki mtawapigia akina nani? Tafuta mshirika wa kinanda mpige harusi.

fimbo_mbili (Jumapili, saa tano na dakika kumi)

Mugithi naiheshimu, mtu mmoja na gitaa lake anaamsha ukumbi mzima mpaka asubuhi, na si wengi duniani wanaoweza hilo. Harusi nimepiga miaka sita. Nikitoka pale mikono imechoka na moyo una njaa. Watu hamsini wanatosha kuanza, na hamsini nitawatafuta mmoja mmoja.

mzee_wa_besi_Kisumu (Jumatatu, saa moja asubuhi)

Oyawore vijana.

Nimepiga besi miaka 27, sehemu kubwa benga, muziki wetu wa magitaa wa Waluo, baadaye hotelini hapa Kisumu. Sasa vidole vya kushoto vina ganzi na ninapiga nyumbani tu. Hilo daftari lako la mazoezi limenigusa, kwa sababu bendi yetu ya kwanza ilikuwa na daftari hilohilo, na aliyechelewa alilipa chai ya wote. Tulikunywa chai nyingi mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili chai ilikuwa haba.

Lakini kuna mahali nakupinga, mwanangu. Unasema unatafuta watu wa roki. Kutoka Busia hadi Nakuru utawapata wangapi? Tafuta wapigaji, roki mtaipika wenyewe. Mpiga besi wa benga usimpite. Sikiliza Shirati Jazz ya D.O. Misiani: besi haijifichi chini ya gitaa, inajibizana nalo, na gitaa likipanda kileleni besi haipotezi njia. Mtu wa namna hiyo ukimwekea dramu ya roki nyuma yake, atakushangaza. Na kama hujawahi kumkaribia mpiga nyatiti, nenda. Ni chombo cha Waluo cha nyuzi nane, na kwenye kidole gumba cha mguu kuna pete ya chuma anayogongea chombo. Mtu mmoja ni gitaa, ni besi, ni mwimbaji na ni wewe mpiga dramu. Kaa upande wa mguu wake, si upande wa nyuzi, usikilize ile pete kwa saa nzima.

La pili ni pesa. Bahasha ya harusi naijua bila kusimuliwa. Sisi tulijifunza kwa uchungu kwamba kiongozi wa bendi asishike pesa. Mchague mwingine, hata kama ni mdogo kwa umri, na kila shoo ahesabu mbele ya wote kabla gari halijaondoka. Tulikuwa tunatoa usafiri na chakula kwanza, kisha fungu la bendi la kununua nyuzi na kutengeneza vifaa, kinachobaki tunagawana sawa. Sawa kabisa, mwimbaji na mpiga njuga. Kuna mwimbaji mmoja alikataa, tukamwacha aende, na tukaishi.

La tatu, nyimbo. Mnasema mtatunga wenyewe. Siku wimbo unapokamilika, kabla hamjatoka ghalani, andikeni kwenye karatasi nani ametunga maneno, nani sauti, kila mmoja asilimia ngapi, mtie sahihi. Kisha msajili kazi hiyo KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Kuna nyimbo nilizotunga mstari wake wa besi, ule ambao watu wanauimba kwa midomo wakiwa njiani, na jina langu haliko popote. Sikuandika. Nilikuwa na miaka 22 na niliona ni aibu kuuliza.

Na mwisho, masikio. Miaka yote hiyo nilisimama kulia kwa mpiga dramu, matoazi yako kwenye sikio langu la kushoto. Usiku kukiwa kimya sikio hilo linalia kama nyenje. Nunueni vizibo kabla hamjanunua sare.

DadaWaAlto (Jumatatu, saa saba mchana)

Habari zenu. Mimi ni mwimbaji, nimekulia Kondele, sasa nafanya kazi Nakuru na nakaa Section 58. Nimeimba kwaya tangu darasa la nne, na bendi moja kwa mwaka na nusu. Nilitoka kwa sababu mbili na nitazisema hapa wazi ili tusipotezeane muda.

Kwanza, mazoezi yalikuwa yakiisha saa tatu usiku mahali hakuna matatu, na kila mara nilikuwa mimi peke yangu ninayebaki kuangalia simu nani atanisindikiza. Nikiuliza, naambiwa nina masharti. Kwa hivyo Jumatano yenu ya jioni nataka kujua inaisha saa ngapi, na natoka pale vipi. Siku ya kwanza nitakuja na kaka yangu.

Pili, nilikuwa naletewa wimbo umeshakamilika, naambiwa weka maneno hapa. Maneno ya Kiswahili hayawekwi hivyo. Neno letu lina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Nyumba-ni: uzito uko kwenye "mba". Kungoja: uko kwenye "ngo". Sasa wapigaji wanakuja na wimbo walioutoa kwenye masikio yao ya roki ya Kiingereza, ambako mstari mara nyingi unafungwa na neno fupi lenye kishindo, nao wanataka kishindo hicho kiangukie mwisho wa mstari wangu. Nikiwafuata ninaimba kungoJA, nyumbaNI. Mama yangu akisikia atauliza huyu mgeni ametoka wapi. Nikikataa, naambiwa sina roho ya roki. Sauti ninayo, na naweza kupaza hadi mkono wa mpiga dramu ulegee. Ninachotaka ni mpiga dramu atakayeshusha pigo pale ambapo neno limebeba uzito.

Wewe uliyefundishwa na mjomba wako, unalionaje?

fimbo_mbili (Jumatatu, saa mbili usiku)

Dada, nilikuwa dukani nilipoisoma, na mteja alisubiri plagi yake dakika tano kwa sababu nilikuwa nagonga kaunta kwa vidole.

Nimejaribu hivi, uniambie kama nimekosea. Nilichukua mstari wa hivihivi tu: "Nimechoka kungoja." Mapigo manne, snea kwenye la pili na la nne kama kawaida ya roki. Nimekuanzisha mapema kidogo, ili "cho" iangukie snea ya pili na "ngo" iangukie snea ya nne. "Ja" inabaki nyuma, inaning'inia kwenye nusu ya pigo, kabla ya duru mpya kuanza. Zamani ningepiga krashi mwanzoni mwa duru mpya, juu ya pumzi yako. Sasa krashi naipiga pamoja na "ngo", halafu nanyamaza kabisa "ja" ipite. Na kile kimya kinavuta kuliko kishindo. Nimelifanya kama mara thelathini kwenye pedi hapa nyumbani, jirani amegonga ukuta.

Miaka yote hii nilikuwa namlaumu mwimbaji kwamba anaimba nyuma ya mdundo. Kosa lilikuwa kwenye mkono wangu.

Kuhusu usiku: Jumatano tutaanza saa kumi na moja na kumaliza saa moja kasoro robo, bila kuongeza hata wimbo mmoja. Mwenye ghala ana mtu wake wa pikipiki anayemwamini, atakupeleka hadi mlangoni na nauli inatoka kwenye fungu la bendi, haitoki kwako. Kaka yako karibu sana. Ikiwa Jumatano bado ni nzito, tuihamishie Jumapili baada ya ibada. Wewe sema.

Mzee wangu wa Kisumu, shikamoo. Kuhusu besi umenishinda, nimefuta neno "wa roki" kwenye ile karatasi niliyobandika dukani. Na pesa sitashika mimi.

fundi_spika_Kakamega (Jumanne, saa sita mchana)

Mulembe ndugu. Mimi natengeneza spika na kufunga vyombo makanisani, sipigi chochote. Nina ya kusema kuhusu hilo ghala kabla hujaharibu pesa.

Najua mtu atakushauri ubandike trei za mayai ukutani. Usijisumbue. Trei inapunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba mle ndani, lakini ngoma ya mguu na besi zinapita kama hakuna kitu. Sauti nzito inazuiwa na uzito na kuziba hewa. Anza na mlango: mahali hewa inapita, sauti inapita. Weka mpira kuzunguka fremu na chini yake. Gunia za mchanga zikipangwa upande wa majirani zinafanya kazi kuliko sponji yoyote. Na sponji za magodoro msizibandike ukutani kabisa. Zikishika moto zinatoa moshi wa kuua, na nyinyi mna nyaya za umeme na mlango mmoja.

Ngoma ya mguu husafiri kwa sakafu pia. Tafuta matairi mazee, uweke ubao mzito juu yake, kisha zulia, kisha dramu. Wewe muuza vipuri matairi hayatakushinda.

Majirani: kuna kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira. Kwa kanuni hizo mchana unaishia saa mbili usiku, na baada ya hapo viwango vinashuka sana. Saa moja kasoro robo mko salama kwa upande wa saa, lakini nendeni kwa majirani wenyewe kabla ya siku ya kwanza, mjitambulishe, mwachie namba ya simu. Mtu aliyepewa namba hupiga simu. Asiyepewa huenda kwa chifu.

Kijana wa Njoro mwenye wati 15: usiiweke amplifaya sakafuni ikupigie magoti. Iinue juu ya kiti ikuangalie usoni. Punguza besi, ongeza sauti za kati, punguza distoshoni, ule mkwaruzo wa gitaa, kuliko unavyopenda ukiwa peke yako. Chumbani gitaa lenye besi nyingi linapendeza, kwenye bendi linamezwa na gitaa la besi na ngoma ya mguu.

Na mzee amesema kweli kuhusu masikio. Kiwango kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni desibeli 85 kwa saa nane. Ukifika desibeli 100, muda ni dakika 15. Dramu ndani ya ghala inafika hapo bila shida. Mimi nina kipimo, nikipita Nakuru nitakuja nacho.

nyuzi_sita_Njoro (Jumanne, saa mbili usiku)

Nimeinua amplifaya juu ya kiti na kupunguza distoshoni. Nimejisikia kwa mara ya kwanza. Jumamosi niko.

fimbo_mbili (Jumatatu ya wiki ya tatu, saa tatu usiku)

Wadau, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Tumeshafanya mazoezi matatu. Jumamosi ya kwanza niliamka saa kumi usiku, sikuweza kulala tena. Nilifika ghalani saa tano asubuhi, nikapanga matairi manane ya lori na ubao juu yake, nikafunga dramu. Gunia za mchanga nilisaidiwa na vijana wawili wa jirani, nao walipojua ni za nini wakaomba kukaa. Majirani tulikuwa tumewazungukia Alhamisi. Mama mmoja aliuliza kama ni kanisa jipya. Nikamwambia hapana mama, ni bendi, na tutamaliza kabla ya taarifa ya habari. Akasema basi sawa, ila Jumapili asubuhi tusithubutu. Kwa hivyo Jumapili haipo tena kwenye hesabu, na Dada amekubali Jumatano kwa yale masharti ya saa na pikipiki.

Wa Njoro aliingia saa nane kasoro dakika ishirini. Gitaa limechuniwa. Nilimpa mkono na sikuuachia haraka. Dada akaja na kaka yake saa nane kasoro tano. Wa besi, kijana aliyenipigia simu mara tatu akiahidi, hakutokea, na simu ilikuwa imezimwa. Nimeandika kwenye daftari: watatu kati ya wanne.

Kwa muda wa saa mbili nzima tulikuwa kwenye mstari mmoja. Ule wa "Nimechoka kungoja," kwa sababu Dada alisema tusimalizane na wimbo kabla hatujajua kusimama kwenye mstari. Tulianza kwa mapigo 104 kwa dakika, nikakimbia. Tukashuka 96, ukatulia. Wa Njoro alikuwa anajaza kila nafasi, kama nilivyokuwa najaza mimi nikiwa na miaka tisa. Sikumsimamisha mbele ya watu. Nilimwomba tu apige noti moja, kisha asubiri "ja" iishe, kisha noti ya pili. Mara ya saba au ya nane alipongoja, Dada aliimba mstari ule nyuma ya kimya kile na mkono wangu wa kulia ukasimama hewani, maana sikutaka kupiga kitu chochote juu ya sauti ile. Kaka yake, aliyekuwa amekaa juu ya gunia akichezea simu, aliinua kichwa.

Mazoezi ya tatu nilihamisha mkono wa kushoto kwenye tomu ya chini, nikaweka mdundo wa ngoma ile ndogo ya Shinyalu. Uleule. Ubeti mzima sikuongeza kitu, wala kiitikio. Dada akasema ubaki. Umebaki. Wimbo una ubeti mmoja na nusu sasa, na karatasi ya asilimia tumeshaitia sahihi sote watatu, pesa anashika wa Njoro, na kopo la bendi lina shilingi 850.

Fundi alipita Ijumaa na kipimo chake. Penye kiti changu ilisoma desibeli 103 nilipopiga kwa nguvu ya kawaida. Jumamosi nilinunua vizibo jozi sita.

Besi bado. Mzee wangu wa Kisumu, kuna jamaa wa benga kutoka Ahero aliyehamia Lanet, nimeambiwa habari zake na mteja wa dukani, naenda kumwona Jumapili baada ya ibada. Lakini nafasi iko wazi kwa yeyote mpaka mtu aikalie. Asiye na amplifaya ya besi aje hivyohivyo, fundi ametuonyesha jinsi ya kuipitisha kwenye spika ya mwimbaji kwa sauti ya chini. Jumatano, saa kumi na moja. Panda gari la Njoro, uniandikie ujumbe hapa nikuelekeze mahali pa kushukia. Mlango wa mbao, wenye mpira mpya kuzunguka fremu. Ukisikia ngoma, gonga kwa nguvu, maana nje haisikiki sana siku hizi na sisi ndani tumeziba masikio.